Namna ya Kupima Usahihi wa Risasi Kabla ya Kwenda Kuwinda

Mwindaji wa Dar es Salaam aliyekwisha kupata leseni ya kumiliki bunduki na kibali cha kuwinda hubaki na swali moja ambalo muuzaji hawezi kumjibu: kati ya risasi zote zinazoingia katika bunduki yake, zipi zinapatana na mtutu wake? Bunduki mbili za kiwanda kimoja, zenye namba zinazofuatana, zinaweza kupendelea risasi tofauti. Marekani walengaji wengi hujaza upya maganda yaliyokwisha kutumika, wakiongeza au kupunguza baruti kidogo kidogo hadi mtutu uridhike. Hapa kwetu umiliki wa risasi unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na utengenezaji wake si kazi ya kujifanyia nyumbani, hivyo uchaguzi wetu ni baina ya boksi na boksi. Njia ya kupima, hata hivyo, ni ileile.

Nunua aina mbili, boksi moja moja la risasi 20, na uandike namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi, kwa sababu risasi za jina lilelile lakini za toleo jingine zinaweza kupiga mahali pengine. Zihifadhi mahali pakavu na usiziache ndani ya gari juani wakati umekwama kwenye foleni ya Ubungo: baruti iliyopata joto huungua kwa kasi zaidi, shinikizo hupanda, na kasi ya risasi hubadilika. Ukizipima zikiwa za moto, utakuwa umepima joto la gari.

Nenda kwenye uwanja wa kulengea shabaha unaoruhusiwa, asubuhi mapema, kabla upepo haujashika nguvu. Sisi wa pwani tunaijua kusi; upepo wa ubavuni wa mita 4 hadi 5 kwa sekunde unaweza kuisogeza risasi ya .30-06 (aina mojawapo ya risasi za kuwindia) yenye kichwa cha gramu 11.7 kwa takriban sentimita 2 katika umbali wa mita 100. Vaa miwani na vizuia sauti vya masikioni bila kukosa, maana mlio wa bunduki ya namna hii hufika takriban desibeli 160 na madhara yake kwa masikio hayarudi nyuma. Tumia meza imara na mifuko ya turubai iliyojazwa mchanga mkavu, mmoja mbele chini ya mbao ya bunduki na mwingine nyuma chini ya kitako. Mtutu wenyewe usiguse kitu chochote.

Risasi ya kwanza kutoka kwenye mtutu uliosafishwa na wenye mafuta mara nyingi huenda kando. Kwa hiyo katika kila boksi tenga risasi 5 za kuuzoesha mtutu na kuirekebisha darubini ya bunduki hadi risasi zipige karibu na kitovu cha shabaha, kisha 15 zinazobaki zipigwe katika makundi matatu ya risasi 5, kila kundi kwenye karatasi yake. Piga kundi la aina ya kwanza, halafu la aina ya pili, na urudi tena kwa ya kwanza. Ukimaliza boksi moja kabla ya kuanza jingine, boksi la pili litabeba uchovu wako na joto la mtutu. Baina ya makundi acha bolti (kifungio cha chemba ya risasi) wazi na bunduki kivulini hadi uweze kuushika mtutu bila kuona moto. Risasi isipolipuka, endelea kuuelekeza mtutu kwenye shabaha kwa nusu dakika kabla ya kuitoa. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, simama, toa risasi zote, na uhakikishe hakuna kichwa cha risasi kilichonasa ndani.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Hupiga risasi tatu, wakaona matundu yamekaribiana, wakatangaza ushindi. Mtutu uleule na risasi zilezile zikipigwa tano tano, kundi litakuwa kubwa kwa wastani wa kama robo kuliko la risasi tatu, na zikipigwa kumi litazidi la tatu kwa zaidi ya nusu. Wengine hulifuta tundu lililokwenda mbali wakisema, "Hiyo nilivuta vibaya mimi." Isipokuwa ulilitamka kosa hilo kabla ya kuiona karatasi, tundu hilo lihesabiwe.

Badala ya kupima matundu mawili yaliyo mbali zaidi peke yake, tafuta kitovu cha kundi. Pima kila tundu liko milimita ngapi kutoka ukingo wa kushoto na ukingo wa chini wa karatasi, chukua wastani wa kila upande, na uweke alama. Kisha pima umbali wa kila tundu kutoka alama hiyo. Umbali ukiwa milimita 9, 12, 14, 18 na 32, wastani ni 17. Boksi lenye wastani mdogo katika makundi yote matatu ndilo la kuchukua, hata kama kundi lake liko mbali na kitovu cha shabaha, kwa kuwa umbali huo hurekebishwa na darubini, ilhali mtawanyiko haurekebishwi na kitu chochote.

Kwa darubini ya robo dakika ya pembe (dakika ya pembe ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja), mlio mmoja wa kirekebishio, yaani "tik" moja unapokizungusha, husogeza pigo kwa takriban milimita 7.3 katika mita 100. Kundi likiwa milimita 44 kushoto na 29 chini, zungusha milio 6 kwenda kulia na 4 kwenda juu, kisha piga kundi jingine kuthibitisha.

Anayemiliki bunduki ya kipenyo cha .375, kiwango cha chini kwa nyati hapa nchini, ajichunguze mwenyewe pia. Mwombe mwenzako akupakilie bunduki bila wewe kuangalia, mara risasi halisi, mara risasi bandia ya mazoezi. Mdomo wa mtutu ukishuka pale penye risasi bandia, mtawanyiko mwingi unatoka kwenye bega lako linaloogopa kishindo, na kubadilisha boksi hakutakusaidia. Punguza idadi ya risasi kwa siku, rudi wiki nyingine. Nyati aliyejeruhiwa huteseka, na anayemfuatilia kwenye kichaka ni mfuata nyayo ambaye hakuipiga risasi hiyo.

Mwisho, siku nyingine, mtutu ukiwa baridi, piga risasi moja tu ukiwa umesimama na kuegemea fimbo za kulengea, kama utakavyofanya porini. Rudia siku tatu kwenye karatasi ileile. Matundu hayo matatu ndiyo yatakayokuambia umbali wa juu kabisa unaostahili kumpigia mnyama.