Somo: lenzi ya ushanga, kwa kijiti cha kioo na moto wa sonara

Wengi hudhani lenzi haipatikani bila kusaga. Kwa miwani ni kweli: tangu mafundi wa Italia walipoianza mwishoni mwa miaka ya 1200, kioo husagwa kwa unga mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, mpaka king'ae. Lakini kioo kilichoyeyuka hujiviringa chenyewe, kama tone la maji juu ya jani la gimbi, na ushanga huo ukipoa ni lenzi tayari. Robert Hooke aliieleza njia hii London mwaka 1665. Baada yake Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, akaviona viumbe vya majini kwa lenzi moja ndogo tu. Mojawapo ya zilizobaki hukuza mara 270 hivi.

Mimi hutengenezea kwa sonara mmoja hapa Ngamiani, Tanga, baada ya alasiri, kazi zake zikishapungua.

1. Tafuta kijiti cha kioo laini, yaani kinacholegea upesi motoni. Kishike ncha zote mbili, kizungushe motoni polepole. Moto ukigeuka manjano na kijiti kikalegea, kitoe nje kwanza, ndipo uvute. Ukivutia motoni kitakatika. Utapata uzi kama unywele.

2. Kata uzi, ingiza ncha kwenye moto wa buluu. Hapa usipepese macho. Ncha inawaka, inajikunja, halafu tone linapanda likiumeza uzi kidogo kidogo. Likifika ukubwa wa punje ya uwele, toa. Ukichelewa, uzito utalivuta liwe kama yai, na picha itaharibika. Liache lipoe, vunja mkia, wala usiliguse kwa kidole.

3. Kata vipande viwili vya bati la kopo la soda, toboa kila kimoja kwa pini, tundu liwe dogo kuliko ushanga. Weka ushanga katikati, bana.

4. Bandika unachotaka kukiona nusu milimita tu kutoka kwenye ushanga, sogeza jicho karibu kabisa, elekea dirisha lenye mwanga. Jua usilitazame kamwe.

Ushanga wa milimita 2 hukuza kama mara 165. Anzeni na uzi wa mkonge. Miaka yote tunausokota kamba hapa Tanga, kumbe uzi mmoja ni fungu zima la nyuzi zilizogandana! Siku alipouona, sonara aliacha pete ya mtu mezani, akakaa nao mpaka magharibi.

MASWALI

Mama wa Chumbageni: Shikamoo mwalimu. Chupa haifai?
— Marahaba mama. Inafaa kwa shida. Kigae cha chupa hupasuka kikiingia motoni ghafla, basi chagua chembamba, kipashe taratibu, na vaa miwani ya kukinga macho.

Mdau wa Pangani: Yangu inatoa rangi za upinde wa mvua pembeni.
— Kioo hupinda nuru ya buluu kuliko nyekundu. Chester Moor Hall wa Uingereza alilitatua miaka ya 1730 kwa kuunganisha vioo vya aina mbili. Hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, akaja kuipata John Dollond mwaka 1758. Ushanga mmoja hauwezi hayo. Punguza tundu la bati, rangi zitafifia.

Kijana wa Korogwe: Kaka, ndani kuna kipovu.
— Ulitumia mrija wenye tundu, hewa ikafungiwa. Tafuta kijiti kisicho na tundu, vuta tena. Hata mimi katika kumi hupata tatu nzuri.