Jinsi ya Kutafuta na Kupiga Picha Uyoga wa Misonobari, Sao Hill

Msitu wa Sao Hill, wilayani Mufindi mkoani Iringa, ndio shamba la miti kubwa kuliko yote nchini Tanzania, na sehemu yake kubwa ni misonobari aina ya Pinus patula, ambayo asili yake ni Meksiko. Uyoga mwingi unaoota chini ya miti hiyo huishi kwa kutegemeana na mizizi yake, ukiipatia maji na madini nao ukipewa sukari, na uliletwa Afrika pamoja na misonobari yenyewe. Kwa hiyo aliyezoea kuokota uyoga wa miombo asidhani kwamba ujuzi ule unamtosha huku.

Omba kwanza ruhusa katika ofisi ya shamba, ambalo lipo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na uulize ni wapi miti inakatwa ili usipite huko. Msimu mzuri ni wa mvua, kuanzia mwezi wa Novemba hadi Aprili, hasa siku chache baada ya mvua kubwa. Tembea polepole kandokando ya njia na penye miti iliyopunguzwa, ambako mwanga hufika chini, ukitazama mahali ambapo majani makavu yameinuka kidogo kana kwamba kitu kinayasukuma.

Uyoga wa jamii ya Suillus una kofia ya kahawia inayoteleza ikilowa, na chini yake pana vitundu vidogo vya rangi ya manjano. Suillus luteus una pete kwenye shina, ilhali Suillus granulatus hauna. Amanita muscaria, ambao una sumu, huwa na kofia nyekundu yenye madoa meupe. Lakini mvua huweza kuyaosha madoa hayo, na ndiyo maana rangi ya kofia peke yake haitoshi kuutambulisha uyoga wowote.

Hapo ndipo picha nyingi nzuri hukosa manufaa, kwa kuwa zinaonyesha kofia tu kutoka juu. Piga picha ya kwanza kabla ya kugusa chochote, ukionyesha na miti iliyo jirani. Kisha lala chini, simu iwe usawa wa kofia, uiegemeze kwenye mfuko wa mchanga na utumie kipima muda ili mkono usiitikise. Mwanga wa mawingu unafaa kuliko jua kali, na karatasi nyeupe ikishikwa upande wenye kivuli hurudisha mwanga kwa upole kuliko taa ya simu. Kofia nyeupe hupoteza alama zake picha ikiwa na mwanga mwingi, hivyo gusa kioo palipo na kofia na upunguze mwanga.

Baadaye chimbua uyoga mmoja mzima kwa kisu, bila kukata shina, kwa sababu kitako kilichovimba au chenye mfuko ni dalili kubwa ya jamii ya Amanita. Upige picha ukiwa umelazwa kando ya rula, upande wa chini wa kofia ukionekana, kisha upasue katikati na upige tena upesi, maana nyama ya baadhi ya uyoga hubadilika rangi ikipata hewa. Usiule uyoga wowote kwa kutegemea picha au programu ya simu, hata picha iwe safi namna gani.

Ukirudi nyumbani, weka kofia juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu nyeusi, uifunike kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi, upige picha unga wa spora, yaani chembe ndogo ambazo uyoga huzaliana kwazo, uliodondoka, kwenye mwanga wa dirishani.