Kufuatilia mfululizo wa kriketi ya testi ukiwa Kigoma, na kujua kombe linabaki kwa nani

Hakuna mwenye kibanda umiza, Mwanga wala Ujiji, atakayezima ligi ili akuwekee kriketi ya siku tano. Utaifuatilia kwenye simu, kwa maandishi, daftari likiwa pembeni, na inatosha kabisa. Maandishi hayali bando kama video, na testi, yaani hiyo kriketi ya siku tano kati ya nchi na nchi, inakwenda taratibu kiasi kwamba ukichungulia kila baada ya nusu saa hupitwi na mengi. Umeme ukikatika mchana kutwa, jioni utaikuta mechi ileile inaendelea.

Kinachowachanganya wageni wa mchezo huu ni kombe. Tumezoea ligi ambayo msimu mpya kila mtu anaanza na sifuri. Kwenye makombe mengi ya testi kati ya nchi mbili, aliyeshinda mfululizo uliopita, yaani ile seti ya mechi kadhaa kati ya nchi hizo mbili, anaingia uwanjani kombe likiwa bado lake, na mpinzani ndiye mwenye kazi ya kumnyang'anya. Mfululizo ukiisha kwa kulingana, kombe halitoki. Ndivyo ilivyo kwa Ashes ya Uingereza na Australia, jina lililozaliwa 1882 baada ya Uingereza kufungwa na Australia pale The Oval, London. Ndivyo ilivyo pia kwa Border-Gavaskar, kombe la India na Australia linalogombewa tangu 1996.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari uwe na mistari miwili tu: mwenye kombe ni nani, mpinzani ni nani. Usipoandika hilo mapema, mechi ya nne ikifika utakuwa unashangilia matokeo usiyojua yamemsaidia nani.

Saa

Ratiba ikisema 11:00, hiyo si saa 11 yetu. Wapo wanaofungua simu saa 11 jioni wakakuta vipindi viwili kati ya vitatu vya siku hiyo vinakaribia kwisha. Badilisha kwanza kwenda saa za Afrika Mashariki, halafu ndipo uigeuze kuwa saa ya Kiswahili:

Uingereza wakati wa kiangazi, 11:00 yao ni saa 7 mchana Kigoma, na siku inaisha saa 2 usiku au nusu saa baadaye.
Afrika Kusini, 10:00 yao ni saa 5 asubuhi.
India, 9:30 yao ni saa 1 asubuhi, na ikifika saa 8 mchana muda wa kawaida wa siku umekwisha.
Melbourne na Sydney, Desemba na Januari, 10:30 yao ni saa 8 na nusu usiku.
Brisbane iko nchi hiyohiyo lakini haisogezi saa zake kiangazi. 10:00 yake ni saa 9 usiku.

Hizo za Australia zina mtego wa pili, nao ni tarehe. Testi ya Melbourne inayoanza Desemba 26 kwetu inaanza usiku wa kuamkia tarehe 26, yaani pilau la Krismasi bado liko tumboni. Ukisubiri usiku wa tarehe 26 wenyewe, siku nzima ya kwanza imekwisha, na utakayoikuta ni ya pili. Hakuna haja ya kukesha. Saa hizo walioko macho ni wavuvi wa dagaa na taa zao ziwani. Amka saa 12 asubuhi usome kilichotokea. Mchezo bado utakuwa na kama saa tatu na nusu mbele.

Kusoma mstari wa matokeo

Mambo ya msingi kwa haraka. Kila timu ina wachezaji 11 na inapiga zamu mbili, ikitafuta mikimbio, ambayo ndiyo alama za mchezo. Mpigaji akitolewa, wiketi imeanguka. Wiketi 10 zikianguka, zamu imekwisha, kwa sababu mpigaji wa mwisho hana mwenzake wa upande wa pili. Ova moja ni mipira sita. Siku inapangiwa ova 90 katika vipindi vitatu vya saa mbili mbili, na katikati kuna dakika 40 za chakula na dakika 20 za chai. Baada ya ova 80, timu inayotupa inaruhusiwa kuchukua mpira mpya. Mpira mpya ni mgumu, unaruka na kupinda zaidi, kwa hiyo ukiona ova ya 80 inakaribia, bando lako litumie hapo.

Sasa chukua mstari mmoja wa kweli. Old Trafford ya kriketi (si ile ya soka), Manchester, Julai 2023, mechi ya nne ya Ashes:

Australia 317 na 214/5, Uingereza 592.

Namba iliyo peke yake, kama 317 au 592, ni zamu iliyokwisha, wiketi zote 10 zimeanguka. Ikifuatwa na herufi d, nahodha aliifunga zamu mwenyewe kabla ya wiketi kwisha. Namba yenye mkwaju, 214/5, ni mikimbio 214 kwa kupoteza wiketi 5. Waaustralia huigeuza wakaandika 5/214. Usihangaike: ndogo, isiyozidi 10, ndiyo ya wiketi.

Fanya hesabu. 592 ukitoa 317, Uingereza walikuwa mbele kwa mikimbio 275. Australia kwenye zamu ya pili walikuwa wamerudisha 214, bado 61 kufuta deni, na wamebaki na wiketi 5. Mtu wa soka akitazama hapo atasema Uingereza wameshinda. Matokeo rasmi: sare.

Sababu ni kwamba kuwa mbele hakutoshi. Ili ushinde, mpinzani lazima amalize zamu zake zote mbili akiwa na mikimbio pungufu ya yako, au wewe uivuke jumla yake ukiwa unapiga zamu ya mwisho. Uingereza walihitaji wiketi 5 zaidi, na mvua ikawanyima. Siku ya nne zilitupwa ova 30 tu. Siku ya tano haukutupwa hata mpira mmoja.

Hii ni sare ya muda, na hutokea mara nyingi. Iko nyingine, sare ya mikimbio, pale zamu zote nne zinapokwisha na jumla za timu mbili zimelingana sawasawa. Hiyo imeonekana mara mbili tu katika historia ya testi: Brisbane 1960, Australia na West Indies, na Madras 1986, India na Australia. Ukiona neno sare kwenye simu, chukulia ni ya muda. Ya pili ikitokea, dunia nzima itakuwa inapiga kelele.

Ili usishtukizwe, kila jioni andika vitu viwili: ova zilizobaki na wiketi zinazotakiwa. Siku moja ikibaki na zinatakiwa wiketi 10, una ova 90, yaani wiketi moja kila ova 9. Hilo linawezekana vizuri. Mvua ikila kipindi kimoja, ova zinabaki 60, na sasa ni moja kila ova 6, mlima kidogo. Anayetaka sare ataanza kuzuia mipira bila kutafuta mikimbio. Usimcheke wala usiseme mchezo umepooza, maana anakula muda, na muda ndio silaha yake. Saa ya mwisho ya siku ya tano ina ova zisizopungua 15. Hapo manahodha wakiona hakuna wa kushinda hupeana mikono na kuondoka.

Kitu kingine kinachowapoteza watu: timu inamaliza kupiga, halafu unaona ndiyo hiyohiyo inapiga tena. Si kosa la simu. Aliyepiga kwanza akiwa mbele kwa mikimbio 200 au zaidi baada ya kila timu kumaliza zamu moja, anaruhusiwa kumrudisha mpinzani apige papo hapo. Anaruhusiwa, halazimishwi, manahodha wengi siku hizi hupiga wenyewe ili watupaji wao wapumzike. Mvua ikiifuta siku yote ya kwanza, kiwango hicho kinashuka hadi 150.

Hesabu ya kombe

Rudi Manchester. Kabla ya mechi ile Australia, mwenye kombe, alikuwa mbele 2–1. Ilipoisha sare, mechi moja tu ilibaki, ila kombe lilikuwa limeshaamuliwa. Kanuni ya kuandika nyuma ya daftari ni hii: chukua ushindi wa mpinzani, ongeza mechi zilizobaki. Jumla isipozidi ushindi wa mwenye kombe, kombe limebaki. Uingereza 1, ongeza 1, ni 2. Australia 2. Haizidi. Uingereza walishinda mechi ya tano pale The Oval kwa mikimbio 49, mfululizo ukaisha 2–2, na kombe likabaki Australia.

Kwa hiyo sare moja ina thamani mbili tofauti. Kwa mwenye kombe ni hatua kamili mbele. Kwa mpinzani ni nafasi iliyopotea. Mwenye kombe akitoka sare mechi zote tano, anabaki nalo bila kushinda hata moja. Kama unaona si haki, hauko peke yako, lakini inaeleza kwa nini mpinzani hufunga zamu mapema na kuhatarisha, na mwenzake hupiga kwa utulivu hadi jioni.

Kanuni hiyo inahitaji kombe liwe na mwenyewe. Mwaka 2025 Uingereza na India waligombea kombe jipya, Anderson-Tendulkar, ambalo halikuwa kwa yeyote. Siku ya mwisho The Oval, Uingereza walihitaji mikimbio 35 wakiwa na wiketi 4; wakaishia kufungwa kwa mikimbio 6. Mfululizo ukawa 2–2, na kombe likagawanywa. Kwa kombe jipya, basi, tafuta kanuni ya kugawana kabla ya mechi ya kwanza, usiibuni mwenyewe.

Mechi hizohizo zina daftari la pili: Ubingwa wa Dunia wa Testi, unaohesabiwa kwa mizunguko ya miaka miwili. Mzunguko wa 2025 hadi 2027 una timu tisa. Zimbabwe hucheza testi lakini haimo. Ushindi ni pointi 12, sare ya mikimbio 6, sare ya muda 4. Kwa kuwa timu hazichezi idadi sawa ya mechi, msimamo hupangwa kwa asilimia ya pointi ulizopata kati ya zile ulizoweza kupata. Mechi tano zina pointi 60. Hapa hakuna upendeleo wa mwenye kombe, na ndiyo maana mechi ya tano iliyokwisha kupoteza maana kwa kombe bado inachezwa kwa nguvu. Wawili wa juu hukutana fainali ya mechi moja, na fainali ikiisha sare wanagawana. Juni 2025, uwanja wa Lord's, London, Afrika Kusini hawakuhitaji kanuni hiyo: waliifunga Australia kwa wiketi 5.

Usiandike pointi hizo kwa wino siku mechi inapoisha. Timu inayotupa taratibu hukatwa pointi moja kwa kila ova iliyopungua, na adhabu hutangazwa baada ya mechi, mara nyingine siku kadhaa baadaye. Ashes ya 2023 ni mfano mzuri. Kila timu ilishinda mbili na sare moja: 24 na 4, pointi 28. Uingereza wakakatwa 19, wakabaki na 9 kati ya 60, asilimia 15. Australia wakakatwa 10, wakabaki na 18, asilimia 30. Tumia penseli, acha nafasi ya safu moja upande wa kulia kwa makato, na msimamo uuhesabu upya pale tu adhabu ikishatangazwa.