Kabla Lori la Mapipa Halijafika: Mambo ya Kuzingatia

Karakana nyingi hununua kemikali kwanza, mahali pa kuziweka panatafutwa lori likiwa limeshasimama getini. Ndiyo maana utakuta pipa la thina nyuma ya jenereta, la asidi kando ya mlango wa choo, na la klorini ya kusafishia pale palipobaki nafasi. Kwa mwenye kiwanda kidogo cha rangi au sabuni, karakana ya magari au stoo ya hoteli, ushauri wangu ni kugeuza utaratibu huo. Sakafu, maji, vifaa na mtu wa kupokea mzigo viwe tayari kabla pesa haijatoka.

Cha kwanza ni karatasi. Kila kemikali ya viwandani ina karatasi yake ya taarifa za usalama, yenye sehemu 16, na muuzaji ndiye anayetakiwa kukupa. Huna haja ya kuikariri. Sehemu ya 7 inaeleza namna ya kuhifadhi, ya 8 vifaa kinga, ya 10 vitu ambavyo kemikali hiyo haitakiwi kukutana navyo, na ya 4 hadi ya 6 zinaeleza huduma ya kwanza, moto na kumwagika. Muuzaji akikwambia ataituma kesho, na mzigo uje kesho. Muulize pia usajili wake: Tanzania, kemikali za viwandani na majumbani zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria Na. 3 ya 2003, na wewe mwenye kuzihifadhi unaguswa na sheria hiyo hiyo. Usalama wa wafanyakazi uko chini ya OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Kenya, mlango wa kubisha ni DOSHS, idara ya usalama na afya kazini, kwa sheria ya mwaka 2007.

Kwenye sehemu ya 9 kuna namba moja ya kuiandika kwa kalamu nene ukutani: kiwango cha joto ambacho kimiminika kinaanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto. Petroli ni takriban nyuzi 40 chini ya sifuri, asetoni karibu 20 chini ya sifuri, toluini iliyomo kwenye thina nyingi ni nyuzi 4, methano (methanol, pombe ya viwandani yenye sumu) ni 11. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam au Mombasa, maana yake ni kwamba vitu hivi viko tayari kuwaka saa yoyote, usiku na mchana. Dizeli huanzia juu ya nyuzi 50, kwa hiyo ina nafuu kidogo, mradi isikae kwenye bati lenye jua kali au karibu na bomba la moshi.

Sasa mahali penyewe. Mivuke hii ni mizito kuliko hewa: inashuka, inatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye mashimo na mitaro. Dirisha la juu peke yake halisaidii. Matundu ya hewa yawe chini, karibu na sakafu, na mengine juu upande wa pili ili hewa ipite. Swichi na soketi za kawaida zitolewe nje ya chumba. Kuna watu wanabandika tangazo la kukataza sigara mlangoni, halafu ndani friji ya soda inawaka na kuzima siku nzima. Cheche ya friji haisomi tangazo.

Sakafu iwe ya zege isiyo na nyufa, imezungukwa na ukuta mfupi wa kuzuia kilichomwagika kisitoke. Kanuni inayotumika sana ni kwamba eneo hilo liweze kubeba asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote, au asilimia 25 ya mzigo wote, chagua iliyo kubwa. Chukulia una mapipa 12 ya lita 200, jumla lita 2,400. Robo yake ni lita 600, na asilimia 110 ya pipa moja ni 220 tu, hivyo unajenga kwa ajili ya lita 600. Eneo la mita 4 kwa 2 lenye kingo za sentimita 10 linabeba lita 800, kwa hiyo hata ukitoa nafasi inayoliwa na miguu ya paleti bado umo. Ni tofali chache na plasta, gharama ndogo kuliko pipa moja la thina. Mlangoni weka mwinuko wa kupandisha toroli badala ya kuvunja ukuta, maana vibarua wakichoka kuruka watauvunja wenyewe. Na tundu la kutolea maji lisielekee kwenye mtaro wa barabarani. Mitaro ya Vingunguti inaishia Mto Msimbazi, na Msimbazi unaishia baharini.

Nani akae karibu na nani? Hapa ndipo palipo na ajali za kijinga kabisa, kwa sababu kila kimiminika peke yake kimetulia. Klorini ya maji ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na kwenye chumba kilichofungwa pumzi chache zinatosha kumlaza mtu hospitali. Asidi na kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, vikikutana vinachemka na kurusha matone. Kostiki ikigusa alumini inatoa hidrojeni, kwa hiyo ndoo ya alumini isiingie stoo hiyo. Asidi ya naitriki na haidrojeni peroksaidi huchochea moto, zisiwe chumba kimoja na thina, mafuta wala matambara. Ukiwa na vyumba vitatu, umepona: kimoja cha vinavyowaka, kimoja cha asidi, kimoja cha kostiki na klorini. Ukiwa na kimoja, kila kundi lipate kingo zake na umbali wake, na punguza oda. Kukaa na mapipa sita ya asidi kwa kazi inayomaliza moja kwa mwezi ni kujitafutia balaa kwa bei ya jumla.

Mapipa ya nje yana tatizo lake. Pipa likisimama wima, mvua inatuama juu yake kuzunguka kizibo. Jua la mchana linatanua hewa ya ndani na kuitoa nje; usiku pipa likipoa linavuta, na kinachoingia ni yale maji. Kama paa halipo, lilaze ubavu juu ya mbao, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja kushoto na kulia, na uweke kabari pande zote lisibingirike. Pipa lililovimba usiliguse wala usilipige nyundo kurudisha umbo: ondoa watu, mpigie muuzaji. Klorini na peroksaidi hutoa gesi zenyewe taratibu, ndiyo maana mapipa yake huja na vizibo vyenye upenyo maalum. Fundi anayeviziba kwa plasta ili harufu isitoke anatengeneza bomu.

Maji yanastahili hesabu ya peke yake. Mtu akimwagikiwa asidi, anatakiwa kuwa chini ya bomba ndani ya sekunde 10 hivi na akae hapo dakika 15 au zaidi. Bomba la dharura lililotengenezwa kwa kazi hiyo linatoa lita 76 kwa dakika. Zidisha kwa 15 upate lita 1,140, kwa hiyo tanki la lita 1,000 litakauka dawa bado iko mwilini. Kwenye maeneo yenye mgao wa maji, tanki la lita 2,000 linalojazwa kila wakati na lisilotumika kuoshea magari ndiyo bima yako. Liweke kivulini. Tanki jeusi lililopigwa na jua tangu asubuhi linatoa maji ya moto, na hakuna mtu atakayevumilia robo saa chini yake. Njia ya kufika hapo isiwe na paleti, pikipiki wala kufuli.

Siku ya kupokea, angalia uzito kabla ya ukubwa. Mapipa mawili yanayofanana kwa macho hayafanani kwa mzigo: lita 200 za dizeli ni kilo 170 hivi, za asidi kali ya salfuriki ni karibu 370. Mtindo wa mjini unaujua: lori linafunguliwa bodi, tairi kuukuu linatupwa chini, kibarua mmoja anainamisha pipa na kulisukuma, linadunda juu ya tairi, mwingine analidaka na kulibingirisha. Kwa pipa la lami unaweza kunyamaza. Kwa pipa la kemikali, mdundo mmoja vibaya unafungua mshono wa chini, na hutauona mpaka kesho yake sakafu itakapokuwa imeloa. Dai lori lenye kunyanyua au foklifti, na kama hakuna, tengeneza jukwaa la mteremko na shusha kwa kamba, mtu asisimame upande wa chini. Uma za foklifti zikikosea kidogo zinatoboa pipa, kwa hiyo dereva awe mwenye cheti. Panga mapipa manne kwa paleti, usizidishe paleti mbili kwenda juu, na acha njia ambayo mtu anaweza kupita na tochi akaona kila pipa.

Pipa lisilo na lebo inayosomeka linarudi na lori lililolileta. Lebo yenyewe ina alama kwenye umbo la almasi lenye ukingo mwekundu: moto, fuvu, asidi inayokula mkono na nyinginezo, tisa kwa jumla. Fundisha hizo tisa hata kwa mfagiaji. Na ukipunguza kwenye chombo kidogo, lebo ifuate. Thina kwenye chupa ya maji ya kunywa imeshamezwa na watu wazima wenye akili zao, sembuse mtoto wa mama lishe. Methano ifungiwe kwa kufuli na ipimwe kila wiki, kwa sababu harufu yake inafanana na pombe na kuna wanaoijua njia ya kuiuza. Mei 2014, Kenya ilizika watu zaidi ya 80 waliokunywa pombe iliyotiwa methano.

Kufungua pipa: anza na kizibo kidogo, taratibu, uso ukiwa pembeni, uache ipumue. Kutoa kimiminika tumia pampu ya mkono iliyotengenezwa kwa kemikali hiyo. Kunyonya kwa mdomo na mpira, mtindo wa madereva, kunaweza kupeleka petroli kwenye mapafu. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe hospitali pamoja na ile karatasi. Kusukuma kwa upepo wa kompresa kunapasua pipa. Kwa vinavyowaka, unganisha pipa na chombo kinachopokea kwa waya wenye vibano, kisha pipa liunganishwe na ethi, yaani waya unaoingia ardhini, kwa sababu kimiminika kikimiminwa kinajenga umeme wa kuruka cheche. Ndoo ya plastiki haiunganishiki, tumia ya chuma.

Glovu zina kabila zake. Za mpira mwembamba wa hospitali thina inazilainisha, na za naitrili zinazofaa kwa mafuta asetoni inazipenya ndani ya dakika chache. Kwa asetoni tafuta za butili. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke hata chembe.

Cha kuzolea kilichomwagika kiwe jirani: mchanga mkavu kwenye pipa lenye kifuniko, na sepetu. Maranda ya mbao yanafaa kwa dizeli, lakini yakikutana na asidi ya naitriki yanaweza kuwaka yenyewe. Kwa asidi iliyomwagika kidogo, magadi soda yananyunyizwa kuanzia pembeni kuingia kati, polepole, maana yanatoa povu. Moto wa thina unazimwa kwa poda au povu. Wa methano na asetoni unahitaji povu maalum linalostahimili alkoholi, na mwali wa methano mchana karibu hauonekani. Ila kabla ya yote hayo, watu watoke. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu badala ya kukimbia, na zaidi ya 100 wakafa.

Pipa tupu ndilo linaloua mafundi. Lililojaa petroli halina hewa ya kutosha ndani. Lililobaki na kijiko kimoja cha chakula, kama mililita 15, lina mvuke unaotosha kufikia asilimia 1.4 ya lita 200, na hapo ndipo petroli inapoanza kulipuka. Sasa fikiria safari ya pipa hilo: linauzwa kwa fundi, fundi anataka kulikata litoke majiko au karai la kuchanganyia zege, anawasha grenda. Mfuniko wa pipa unaruka na yeye yuko mbele yake. Kulisuuza kwa maji hakutoshi, mabaki yanajificha kwenye mshono wa ukingo na joto la kukatia linayatoa. Kwa hiyo amua kabla ya kununua pipa litakwenda wapi likiisha. Liandikwe kwenye mkataba kwamba muuzaji analichukua, au lipelekwe kwa mwenye kibali cha taka hatarishi kupitia NEMC, msimamizi wa mazingira Tanzania. Likisubiri, lifungwe vizibo vyote na likae kwenye chumba kile kile cha yaliyojaa. La plastiki usimpe mfanyakazi wa kupeleka nyumbani kuwekea maji, hata akikuomba kwa heshima zote. Plastiki inakunywa kemikali na kuirudisha miezi kadhaa baadaye. Litoboe kwanza, maombi yataisha.

Kilichobaki ni usiku. Mlinzi awe na orodha getini ya kilichomo kila chumba na kiasi chake, namba ya mwenye funguo, na ya Zimamoto (Tanzania ni 114). Mwambie waziwazi: akisikia harufu kali au kuona moshi, asiingie na tochi kuangalia ni nini. Afungue geti, awapigie, na kikosi kikifika awape ile orodha kabla hawajafungua maji.