Kuchagua programu-jalizi ya faili kwenye Vim

Kabla hujapakua chochote, jaribu netrw ya kupitia faili, kwani imo tayari ndani ya Vim (programu ya kuhariri matini). Andika :Explore, bonyeza Enter. Alama ya % huunda faili, d folda, D hufuta, R hubadili jina. Mimi hapa Langoni, bando likiisha usiku na maduka yashafungwa, hiyo ndiyo iliyonisitiri miezi mingi.

Ukiona wapotea kwenye mafolda, chukua NERDTree. Huweka mti wa faili ubavuni, na m hufungua menyu. Ila kompyuta yangu ni ya inchi 11. Mti ule ulisimama kama punda katikati ya kichochoro.

Sasa natumia oil.nvim. Yataka Neovim (programu iliyochipuka kutoka Vim), Vim ya kawaida haiiwezi. Folda hufunguka kama matini: wabadili jina la faili kama usahihishavyo neno, kisha :w (kuhifadhi), nayo hukuuliza kwanza kabla ya kutenda. Juzi nilikuwa na picha arubaini, zote nimeziandika "dau" na chombo chenyewe ni jahazi (baba angeniona, angenicheka). Nikaandika :%s/dau/jahazi/, kisha :w, nikajibu y. Chai haijapoa, kazi kwisha.