Somo: Kukagua meno ya sungura wako nyumbani

Ndugu wafugaji, meno ya sungura hayaachi kuota maisha yake yote. Anayo 28, na yale ya mbele hurefuka kama milimita 2 kwa wiki. Kinachoyapunguza ni kusagana yenyewe kwa yenyewe anapotafuna nyasi. Ukimlisha punje na mkate anashiba upesi, hatafuni, na magego yanaota ncha.

Hatua ya 1. Mwangalie akila. Hii naithamini kuliko zote, kwa sababu magego huwezi kuyaona. Jike wangu alikuwa anakimbilia karoti, anaing'ata, kisha anaiachia idondoke. Nilidhani anadeka. Siku ya tatu kidevu kimelowa mate, manyoya yameshikana, kinyesi kimekuwa kidogo kama pilipili manga. Daktari alipomfungua mdomo, ncha ya gego la chini ilikuwa imeshauchimba ulimi. Bado inaniuma kwamba karoti ile iliniambia mapema.

Hatua ya 2. Pitisha vidole polepole chini ya macho na kwenye ukingo wa taya. Uvimbe mgumu, au jicho linalotoka machozi kila mara, huenda ni mzizi wa jino.

Hatua ya 3. Mpakate, umshike vizuri makalio, usimlaze chali. Panua midomo. Meno ya juu yawe mbele kidogo ya yale ya chini. Nyuma ya yale makubwa ya juu utaona mengine mawili madogo. Usishtuke, ndivyo alivyoumbwa.

Rudia kila wiki.

MASWALI

Mwalimu, naweza kuyakata kwa kikata kucha?
Tafadhali usifanye hivyo, dada. Jino hupasuka kwa urefu hadi kwenye mzizi, usaha ukaingia. Daktari wa mifugo huyasaga kwa kifaa kinachozunguka.

Nyasi kavu huku kwetu ni shida. Nimpe matembele?
Mpe kidogo, lakini ni laini mno, hayasagi meno. Kata ukoka au matete mahali pasipopuliziwa dawa, yawepo mchana na usiku.

Dume wangu meno yamepishana tangu mdogo. Nimpandishe?
Hapana. Kasoro hiyo mara nyingi hurithiwa.

Wangu hajagusa chakula tangu jana jioni. Nisubiri hadi Jumatatu?
Usisubiri, kaka. Sungura akipitisha saa 12 bila kula, utumbo unaweza kusimama. Mpeleke sasa hivi, na umbebe na nyasi zake.