Somo: Jua ugonjwa wa Land Rover yako kuukuu kabla fundi hajakutajia

Somo hili ni la wenye pikapu za zamani, hasa Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25. Zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na hapa kwetu nyingine ziliunganishwa Thika, kwenye kiwanda kilichoanzishwa mwaka wa 1974 kwa jina la Leyland Kenya. Ni gari ambalo mtu wa kawaida anaweza kulijua lote. Halina kompyuta wala sensa, na ukifungua boneti kila kitu unakiona kilipo. Ndiyo maana inaniuma sana mwenye gari kama hili anapotozwa pesa za kufungua injini nzima ilhali kilichokufa ni kondensa, kijidude cha mfumo wa cheche kisichozidi kidole gumba.

Mafundi waaminifu wapo, tena wengi, kuanzia Kariobangi Light Industries hadi Industrial Area, na kuna kazi ambazo utawahitaji daima. Lakini yule mdanganyifu haibi kwa spana, anaiba kwa mdomo. Akikwambia "mdosi, injini imeisha" nawe huna la kujibu, bei imeshapangwa hapo hapo. Ukijua kuuliza "imeisha wapi? silinda ipi?", mazungumzo yanabadilika. Kwa hiyo tutaanza na uchunguzi.

Hatua ya 1: Daftari na picha

Weka daftari ndani ya gari. Andika kilomita, tarehe, oili iliyowekwa na spea iliyobadilishwa. Kisha piga picha za vifaa vinavyopenda kupotea gereji: betri, altaneta (inayochaji betri), kabureta (inayochanganya petroli na hewa), distribyuta (inayogawia plagi umeme), plagi, koili (inayoongeza nguvu ya umeme wa cheche). Zipige karibu kiasi cha kusoma namba. Weka alama ndogo ya rangi ya kucha mahali pasipoonekana kwa urahisi. Kubadilishiwa kabureta nzuri ukarudishiwa iliyochoka ni wizi wa kila siku, na bila picha huna ushahidi.

Hatua ya 2: Spana zinazofaa

Seti nyingi za spana zinazouzwa mjini ni za milimita, lakini nati nyingi za Series III ni za inchi. Ukilazimisha spana ya milimita utazila kona za nati, na hata fundi mzuri atapata taabu kuifungua siku nyingine. Anza na 7/16, 1/2 na 9/16. Ongeza bisibisi mbili, koleo yenye mpira, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), testa ya taa ya volti 12 na soketi ya plagi. Tafuta pia ile hendeli ya kuzungushia injini inayopita kwenye tundu la bampa ya mbele. Wengi wameitupa, nayo ina faida kubwa kama utakavyoona.

Hatua ya 3: Cheche

Hapa ndipo nataka tukae. Gari la pointi likikataa kuwaka, au likiwaka na kukohoa mlimani, angalia umeme wa plagi kabla ya kitu kingine chochote.

Chomoa waya mnene wa katikati kwenye kifuniko cha distribyuta. Fungua klipu mbili, toa kifuniko, kisha toa rota, kile kipande kinachozunguka ndani. Chini yake utaona pointi: vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Zungusha injini kwa hendeli hadi pointi zifunge. Washa swichi. Shika ule waya mnene kwa koleo yenye mpira, ncha yake iwe umbali wa milimita 5 hivi kutoka kwenye chuma safi cha injini. Sasa fungua pointi kwa kijiti kikavu. Unatakiwa kuona cheche ya samawati, nene, yenye mlio. Ikiwa ni nyembamba na ya manjano, au hakuna kabisa, tatizo umelipata upande huu, na mtu asikuguse habari ya pistoni.

Zima swichi, uangalie nyuso za pointi. Zikiwa na vumbi au mafuta tu, zisugue taratibu kwa msasa laini kabisa, kisha pitisha kipande cha karatasi safi katikati. Zikiwa zimeungua, upande mmoja shimo na mwingine kichuguu, badilisha pointi pamoja na kondensa, maana kondensa mbovu ndiyo inayounguza pointi. Ukibadilisha pointi peke yake utarudi dukani muda si mrefu.

Kupima nafasi: zungusha injini kwa hendeli hadi kisigino cha pointi kikae juu kabisa ya ncha ya kamu (uvimbe wa shafti ya distribyuta unaosukuma pointi). Hapo pointi zimefunguka mwisho. Nafasi iwe kati ya milimita 0.35 na 0.40. Legeza skrubu kidogo, pitisha fila iguse pande zote mbili bila kusukuma, kaza, halafu pima tena, kwa sababu kukaza huisogeza. Plagi ziwe na nafasi ya milimita 0.75 hadi 0.80. Unaporudisha waya za plagi, kumbuka mpangilio ni 1-3-4-2 na rota huzunguka kinyume cha saa. Ukichanganya waya 2 gari litapiga risasi kwenye egzosti, na kuna watu wameambiwa valvu zimeungua kwa kosa hilo tu.

Neno kuhusu rota: siku hizi kuna rota duni zenye riveti juu ya ile shaba. Riveti ikipitisha umeme hadi kwenye shafti, cheche hupotea njiani na gari huzima likiwa limepata moto. Nunua isiyo na riveti ukiweza.

Hatua ya 4: Petroli

Zima swichi, usivute sigara, na usifanye hatua hii ndani ya chumba kilichofungwa. Pampu ya Series III nyingi ina bilauri ya kioo na mkono mdogo wa kupampu. Tazama bilauri: maji hukaa chini ya petroli na utaona mstari. Imwage, isafishe. Chomoa mpira unaoingia kabureta, uelekeze kwenye chupa, pampu kwa mkono. Petroli iruke kwa nguvu. Ikiwa mkono ni mlegevu na hakuna kinachotoka, zungusha injini kidogo kwa hendeli, ujaribu tena. Kamu ya injini ikiwa imeinua pampu, ule mkono haufanyi kazi hata pampu ikiwa mpya. Pampu nzima nyingi zimetupwa kwa kutojua hilo.

Hatua ya 5: Tapeti

Kelele ya "tak tak tak" juu ya injini mara nyingi ni tapeti, yaani nafasi iliyozidi kati ya valvu na kinachoisukuma. Toa plagi zote ili injini izunguke kwa urahisi, fungua kifuniko cha juu, uhesabu valvu kuanzia mbele, 1 hadi 8. Hesabu ni ya 9: valvu ya 8 ikiwa imesukumwa chini kabisa, pima ya 1. Ya 6 ikiwa chini, pima ya 3. Ya 2 ikiwa chini, pima ya 7. Daima jumla ni 9. Nafasi ni milimita 0.25 kwa zote. Fila ipite kwa ukinzani mdogo. Ni kazi ya asubuhi moja ya Jumamosi.

Hatua ya 6: Ukiambiwa "injini imeisha"

Usikubali bila kipimo cha kompreshoni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), na kama unaweza kuazima geji, pima mwenyewe. Injini iwe na joto, plagi zote nje, waya wa koili umechomolewa, mtu akanyage eksileta hadi mwisho huku stata ikizungusha mpaka sindano isimame. Andika namba ya kila silinda.

Sasa shika jambo hili, maana limewaponza wengi. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yetu ni dogo kuliko la Mombasa kwa takriban asilimia 18. Namba za kitabu ni za usawa wa bahari. Kitabu cha gari kikisema 150 (paundi kwa inchi ya mraba), injini nzima kabisa hapa Nairobi itaonyesha 120 na kitu. Anayekuonyesha geji na kitabu kando yake, akasema injini imechoka, ama hajui ama anakudanganya. La muhimu ni silinda zikaribiane. Moja ikiwa chini sana, tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechakaa. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi (kifuniko cha silinda). Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi. Hapo hata ukienda gereji, unaenda ukijua.

Hatua ya 7: Nunua spea mwenyewe

Nenda Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na ubebe kifaa cha zamani mkononi. Uliza maduka 3 kabla ya kulipa. Linganisha uzito, matundu na namba. Lipa mwenyewe kwa M-Pesa, uombe risiti iliyoandikwa jina la kifaa. Ukimtuma fundi, huenda bei ikapandishwa hapo kaunta na ziada ikagawanywa, nawe hutajua. Kazi ikiisha, dai kifaa cha zamani. Ni mali yako.

Breki nazigusa kwa ufupi tu kwa sababu si mahali pa kujifunzia ukiwa peke yako. Mara ya kwanza fanya na mtu anayezijua. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Weka standi, au magogo mazito, na mawe kwenye magurudumu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kasarani: Mkuu, yangu inazima kwenye jam ya Thika Road mchana, nikingoja nusu saa inawaka kama kawaida. Nimeambiwa ninunue kabureta mpya.

*Jibu:* Usinunue chochote bado, ndugu. Beba plagi moja ya ziada na koleo. Ikizima, pale pale kabla haijapoa, chomeka waya wa plagi kwenye hiyo plagi ya ziada, ilaze kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Hakuna cheche? Shuku koili, kondensa au rota, maana zote hizo huzidiwa na joto. Cheche ipo na ni nzuri? Basi angalia petroli, hasa kama bomba linapita karibu na egzosti na petroli inageuka mvuke. Ikishapoa kila kitu kitaonekana kizima, ndiyo maana gereji hawaioni.

Mwanachama, Ngong: Nikienda dukani mimi kama mwanamke naambiwa "mpigie fundi wako". Nifanyeje?

*Jibu:* Dada, weka kifaa cha zamani juu ya kaunta na utaje: "Nataka pointi na kondensa za distribyuta ya Lucas, Series III, silinda 4." Atakayeendelea kukuuliza fundi yuko wapi, ondoka. Maduka hayo yamepangana mlango kwa mlango, na wapo wauzaji watakaokuheshimu. Ukimpata, mfanye wako.

Mwanachama, Embakasi: Ni kweli petroli ya siku hizi inaua injini hizi kwa sababu haina risasi?

*Jibu:* Petroli ya risasi iliondoka Kenya kufikia 2006, na hizi gari bado zinatembea. Hofu yenyewe ni viti vya valvu za egzosti kulika, hasa kwa mwendo wa kasi na mzigo mzito. Dalili yake ni nafasi ya tapeti za egzosti kupungua kila ukipima. Ndiyo sababu nyingine ya lile daftari. Kama namba hazibadiliki, lala usingizi. Zikipungua kila mara, siku hedi ikifunguliwa agiza viti vigumu.

Mwanachama, Ruiru: Mimi nina Peugeot 504 pikapu. Somo linanihusu?

*Jibu:* Linakuhusu sana. 504 ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978, na pikapu yake imebeba mboga za nchi hii miaka mingi. Uchunguzi wa cheche, petroli na kompreshoni ni ule ule. Spana zako ni za milimita. Tapeti usifuate namba zangu: kwenye 504 valvu za kuingiza na za kutoa hazina nafasi sawa, kwa hiyo fuata kitabu chake.

Mwanachama, Dagoretti: Fundi wangu nimekuwa naye tangu gari lilipokuwa la baba. Nikianza kupima mwenyewe si atahisi simwamini?

*Jibu:* Mwambie unataka kujifunza, umwombe akusimamie ukipanga pointi. Fundi wa aina hiyo atafurahi, na atakufundisha mambo ambayo hayako kwenye kitabu chochote. Umlipe muda wake siku hiyo kama kazi nyingine yoyote. Na kazi za kuchonga silinda, kusaga kranki au kupanga giaboksi, mwachie yeye. Muulize tu vipimo alivyopata, uviandike kwenye daftari mkiwa pamoja.